Upande wa Jua

Jumatatu, 4 Februari

Kwa Mhariri wa Michezo,

Salamu nitazileta mwishoni, kama zitabaki. Kwanza tumalizane.

Jumamosi timu yetu iliifunga timu ya mji mkuu mabao mawili kwa sifuri. Hilo unalijua, maana limo kwenye gazeti lako la leo, ukurasa wa ndani kabisa, chini ya tangazo la magodoro. Kichwa cha habari kinasema "WAKUBWA WATELEZA". Nilikisoma nimesimama, nikakaa, nikakisoma tena. Kumbe sisi hatukushinda. Wao waliteleza. Sisi tulikuwa ganda la ndizi tu.

Nikaendelea kusoma. Sababu za wao kufungwa mmezimwaga zote: safari ndefu, nyasi ndefu, mshambuliaji wao ana mafua. Kijana wetu aliyefunga bao la pili mmemwita "mchezaji mwingine". Huyo ana jina, ana mama, na mama yake hununua gazeti lenu kila wiki kwa kumtafuta humo. Timu zenu mbili za huko zikipiga chafya ni ukurasa wa mbele. Sisi mpaka tufe.

Lakini hayo tumeyazoea. Kilichonishikisha kalamu ni haya maneno: kwamba mechi ilichezwa "mbele ya majukwaa matupu, uwanja umepoa kama chumba cha mtihani". Na picha mkaiweka, ngazi tupu za saruji na mtu mmoja katikati, mdogo kama kifungo. Chini yake mkaandika: "Shabiki pekee wa timu ya nyumbani. Huenda alipotea njia."

Mimi nilikuwepo. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama kwenye vijia. Mwamuzi alipuliza filimbi ya mapumziko na wachezaji hawakuisikia, wakaendelea kucheza. Jumapili nilifungua duka sina sauti, mteja akiuliza bei ya mnyororo namwonyesha kwa vidole.

Nimewapigia simu. Inaita kama simu ya nyumba iliyohamwa. Kwa hiyo naandika. Sahihisheni mambo mawili tu: kwamba tulishinda, na kwamba tulikuwepo.

Salamu hazikubaki.

Fundi Baiskeli,
mkabala na shule ya msingi


Alhamisi, 14 Februari

Bwana Fundi,

Barua yako ilisomwa kwa sauti hapa ofisini na watu wakavunjika mbavu kwa hilo la ganda la ndizi. Kisha mhariri akanirushia mezani akasema, "Hii ni ya kwako." Mimi si mhariri, mzee wangu. Mimi ndiye ninayeandika mechi za mikoani.

Naomba nikueleze bila kukuficha. Barua kama yako tunapokea nyingi. Kila mkoa unaamini kuna chumba tunachokutana kuupangia njama. Hakuna. Kuna meza, kuna chai iliyopoa, na kuna kurasa chache. Timu za mji mkuu zina wasomaji wengi, kwa hiyo zinapata nafasi kubwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa mkoani, na timu ya kwetu siku hizi naisikia kwa bahati tu.

Kuhusu uwanja mtupu, hapo siwezi kurudi nyuma. Mechi niliitazama kwenye televisheni mwanzo hadi mwisho, na picha ile ilitoka humo humo. Picha haina mkoa. Dakika zote tisini nilimwona mtu mmoja tu, yule mama. Hata kama ningetaka kumficha, ningemficha nyuma ya nani?

Nakiri maneno ya chini ya picha yalikuwa ya utani. Niliyaandika mimi. Mfikishie salamu ukimwona.

Mwandishi wa mechi za mikoani,
Dawati la Michezo


Jumamosi, 23 Februari

Mwandishi,

Mzee wako nimekusoma. Afadhali wewe umejibu. Sasa na wewe nijibu vizuri, maana nina maswali mawili na sitaki chai iliyopoa.

La kwanza: kelele hukuzisikia? Picha naweza kukuelewa. Lakini tulipofunga la pili, jirani yangu muuza dawa, ambaye alibaki dukani kwake mjini, alitoka nje akidhani kuna moto. Wewe ulikuwa unatazama, na hukusikia?

La pili: kamera yao huwa inakaa wapi?

Nakuuliza kwa sababu huu uwanja hujawahi kuukanyaga. Acha nikuchoree. Una pande mbili za kukaa. Upande mmoja una paa, na alasiri una kivuli. Wa pili ni ngazi tupu za saruji, na jua la alasiri linazipiga hadi filimbi ya mwisho. Tangu uwanja ujengwe, watu wa hapa hukaa kivulini. Watabanana, watakaliana mapajani, lakini upande wa jua hawaendi. Si sheria. Ni mazoea tu, kama mtu anavyolala upande wake wa kitanda. Kwa hiyo kama mtu ataangalia upande wa jua tu, ataona kweli hakuna watu.

Kuhusu yule mama, salamu zako zimefika. Namfahamu kidogo. Toka mtoe ile picha mji mzima unamwita Shabiki Pekee. Akipita kwenye foleni ya benki watu wanamwuliza kama leo ameiona njia. Mwenyekiti wetu wa tawi la mashabiki, tunayemwita Kipaza kwa kuwa hajawahi kuhitaji kipaza sauti, alimfuata mbele za watu akamwambia, "Mama, hamia kwa wenzako kivulini. Unatuaibisha mbele ya taifa zima." Mama aligeuka. Akaenda zake.

Si mtu wa kupotea njia. Ana sababu zake za kukaa pale, na hazihusu gazeti.

Fundi Baiskeli


Ijumaa, 8 Machi

Mzee wangu Fundi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lilikuwa linaniuma.

Nianze na kelele. Chumba chetu cha habari kina televisheni mbili. Kubwa iko katikati na ndiyo yenye sauti. Ndogo iko kwenye kona yangu, juu ya kabati, na sauti yake huzimwa ili isigongane na ile kubwa. Siku mliyoshinda, klabu nyingine ya mji mkuu ilikuwa ikicheza na timu ya nje. Wenzangu wote walikuwa pale katikati wakipiga kelele. Mimi nilikuwa konani na nyinyi, bila sauti. Nikaandika kwamba uwanja ulikuwa kimya. Ukimya ulikuwa wa kabati langu.

Kisha kamera. Nilimtafuta mmoja wa wapiga picha wa televisheni nikamkuta kantini. Akacheka akasema wao huifunga juu ya paa la jukwaa lenye kivuli, maana upande wa pili jua lingeingia kwenye lenzi. Mlikuwa wote chini ya miguu ya kamera, na kamera inatazama mbele. Miaka yote hii mmekuwa mnajaza uwanja na nchi nzima inawaona hampo.

Nilimpelekea mhariri habari hiyo nikaomba tusahihishe. Akaniambia gazeti la mwezi uliopita ni la kufungia misumari. Kwa hiyo bado sijakulipa haki yako. Naomba radhi mimi kama mimi.

Nikwambie kitu ambacho hakihusu. Barua zako nazisomea nyumbani, si ofisini. Nina chumba kimoja na jirani nisiyemjua jina. Wikendi zote za maisha yangu ni mechi, na mechi zote nazitazama peke yangu huku nikisikia watu wengine wakishangilia kitu kingine. Ulipouliza kama sikusikia kelele, niliirudia barua yako mara tatu.

Sasa yule mama. Nataka kumwandikia makala ya ukurasa mzima: kwa nini anakaa pale peke yake juani. Itakuwa njia ya kusahihisha. Labda mke wako anamfahamu vizuri zaidi? Amwulize kama atakubali.

Mwandishi wako


Jumapili, 17 Machi

Mwandishi,

Mke wangu hamfahamu, kwa sababu sina mke. Nilikuwa na mume. Yule mama ni mimi.

Usiangushe chai. Maandishi ya "Fundi Baiskeli" pale mbele ya duka aliyachora mume wangu. Tulifanya kazi pamoja, yeye gurudumu la mbele, mimi la nyuma, na alipofariki sikuyafuta kwa kuwa fundi bado yupo. Uliponiita Bwana nikaona acha tu. Barua ya Bwana husomwa hadi mwisho.

Umeuliza kwa nini nakaa pale. Nitakwambia wewe, na wewe usiliambie gazeti.

Zamani tulikaa kivulini kama watu wote, nyuma ya benchi la wachezaji wetu. Kisha akaanza kuumwa, na ule ugonjwa ulimletea baridi. Mchana kweupe, watu wanajipepea, yeye meno yanagongana. Mechi ya kwanza alivaa koti. Iliyofuata alivaa koti na juu yake blanketi, na watu wakamtazama kwa huruma ile isiyopendeza. Wakati wa mapumziko akasimama, akazunguka uwanja polepole akiishika ile kamba ya pembeni, akaenda kukaa upande wa jua. Nikamfuata nikidhani amekasirika. Nilipomfikia alikuwa ameshavua koti, uso umemchangamka. Akaniuliza, "Hivi siku zote tulikuwa tunakaa wapi?"

Msimu ule tuliumalizia pale. Uliofuata nilikwenda mwenyewe, na miguu ikanipeleka kulekule. Mimi hukaa kushoto. Kulia kwangu nalaza koti lake. Kwenye picha yenu lipo, ila mtu asiyelijua atadhani ni kivuli changu.

Wiki nzima nina wateja, wananiita Mama Fundi, wananitania, nawatania. Nikifunga duka najipikia, nakula, naosha sahani moja. Siku ya mechi ya nyumbani ndiyo siku ninayokaa na mtu. Kwa hiyo makala hapana. Umeshanionyesha kwa nchi nzima mara moja na imetosha.

Sasa sikia nilichojifanyia mwenyewe. Habari yako ya kamera sikuweza kuinyamazia. Nilimpelekea Kipaza barua yako ya juzi, ila sehemu ya chumba chako na jirani yako niliikunja. Aliposoma alipiga kelele hadi kuku wakaruka. Tawi likakaa kikao siku ileile. Wameamua kwamba tarehe 30, mechi ya mwisho ya nyumbani, na wakubwa wa pili wa huko kwenu, mji mzima utahamia upande wa jua ili kamera ione. Wanatangaza mitaani. Wanashona bango. Nimeitaka haki ya mji na nimeipata, na imekuja kukaa mahali petu.

Jana Kipaza alikuja dukani. Akavua kofia, jambo ambalo si kawaida yake, akaanza, "Mama Fundi, kuhusu zile nafasi zenu pale..." Nikamwambia chukueni, uwanja si wa baba yangu. Akasema, "Hapana Mama, nisikilize kwanza." Nikashika pampu nikaanza kujaza tairi kwa nguvu zote. Alisema maneno marefu tu pale mlangoni. Sikusikia hata moja. Tairi lenyewe lilikuwa limeshajaa.

Jumamosi hiyo sijui nitakaa wapi. Naandika haya nikiwa na hasira, na chini ya hasira nina kitu kingine ambacho sikitaki.

Mama Fundi


Jumatatu, 1 Aprili

Mama yangu,

Sijui nianzie wapi kukuomba radhi. Nimekuita mzee, nimekuita mpotea njia, kisha nikataka nikuuze ukurasa mzima. Makala sitaiandika. Neno langu hilo.

Nikuhadithie Jumamosi, maana naamini hukuwepo, na roho inanisumbua.

Kwa kuwa mlicheza na wakubwa, mechi yenu ilikuwa kwenye televisheni kubwa. Niliwahi mapema nikakaa mbele, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Wenzangu wakalalamika. Kisha kamera ikafunguka na wote wakanyamaza. Zile ngazi za saruji hazikuonekana. Watu mwanzo hadi mwisho, miavuli, kofia, magazeti vichwani, bango refu kama mtaa limeandikwa TUPO. Na kelele, Mama! Mama anayefagia ofisi alisimama na ufagio wake mpaka mapumziko. Mmoja akauliza, "Hawa watu walikuwa wapi siku zote?"

Mlifungwa bao moja, najua, na lilikuwa la kuotea. Nimeandika hivyo, kwamba lilikuwa la kuotea. Wacha wanipigie simu.

Lakini nilikuwa nakutafuta wewe. Nilipita uso kwa uso na sikukuona. Nikaona kitu kingine. Katikati kabisa ya ule umati, watu wamebanana hadi wanakaliana magoti, kulikuwa na nafasi mbili wazi. Nikadhani wenyewe wamekwenda kununua maji. Pembeni yake alisimama mtu mmoja mnene ambaye nadhani hakuutazama mchezo hata kidogo. Kila aliyetaka kukaa pale alimzuia kwa mkono. Mapumziko zilikuwa wazi. Filimbi ya mwisho zilikuwa wazi. Mimi si mtu wa pale, sijui mambo yenu, nakueleza tu nilichokiona.

Picha ya ukurasa wa mbele ni hiyo. Ndiyo, wa mbele. Mhariri alitaka kukata sehemu yenye pengo, akasema linaharibu umati. Nikamwambia huu uwanja tumeshaukata vya kutosha. Tukabishana mbele ya watu, mimi ambaye sijawahi kupandisha sauti humu ndani. Mwishowe lililokatwa ni tangazo la magodoro.

Tatizo moja. Gazeti la Jumapili linalokwenda mikoani huchapwa mapema, kabla mechi za Jumamosi hazijaisha, ili liwahi kusafiri. Kwenu limefika likiwa na picha nyingine ya wakubwa wakipanda ndege. Nchi imewaona, nyinyi wenyewe hamjajiona. Kwa hiyo nimeambatanisha ukurasa wenyewe. Kichwa cha habari nimekiandika mimi: "UWANJA ULIJAA".

Niandikie walau mstari mmoja, nijue u mzima.

Mwanao wa konani


Jumatano, 10 Aprili

Mwanangu,

Mzima nipo. Na Jumamosi ile nilikuwepo.

Nilifika nikakuta upande wa jua umejaa hadi juu, bango limetandazwa, ngoma zinalia. Sikusogea hata karibu nikatazama. Nilijua pamechukuliwa, basi, imekwisha. Nikaenda kukaa kivulini, nyuma ya benchi, pale pa zamani. Jukwaa zima lilikuwa langu. Kamera yako ilikuwa juu ya kichwa changu, naisikia ikigeuka. Kwa hiyo ulinitafuta mbele na mimi nilikuwa chini ya miguu yako.

Koti nililiacha nyumbani makusudi, kwa hasira, kwamba kama hakuna pa kulilaza libaki msumarini. Na pale kivulini nikasikia baridi. Si baridi ya hewa, mwanangu, maana watu ng'ambo walikuwa wanatokwa jasho. Nilijikunyata nikashika mabega yangu. Niliwaona wote wamekaa penye jua, mji mzima, na mimi nimebaki kwenye kivuli alichokikimbia yeye. Nililia kipindi cha pili chote. Bao la kuotea sikuliona.

Tangu siku hiyo sikumsemesha Kipaza. Alikuja dukani, nikamfungia mlango. Akapiga hodi na ile sauti yake, nikawasha redio. Mtaani nikapita upande wa pili. Nilikuwa nimeshaapa kwamba mpira basi.

Jana ikaja bahasha yako. Nilisoma barua kwanza, nikafika pale uliposema nafasi mbili, nikaacha kusoma. Nikafungua ukurasa nikautandika juu ya meza ya kazi, nikafuta mikono grisi, nikavaa miwani. Nikahesabu ngazi kutoka chini, kama ninavyohesabu nikipanda. Ndizo. Ya kushoto na ya kulia. Na yule mtu mnene aliyeupa mpira mgongo, mkono kaunyoosha, mdomo wazi, ni Kipaza, na najua anasema nini. Anasema, "Hapa pana wenyewe."

Ndicho alichokuja kuniambia siku ile ya pampu. Wewe walikuzimia sauti ofisini. Mimi nilijizimia mwenyewe.

Nilifunga duka mchana, jambo nisilolifanya. Nikaenda kwake na ukurasa chini ya kwapa. Alifungua mlango akaniona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa sauti. Nikamwonyesha picha. Akaitazama mpaka machozi yakamlengalenga, akasema, "Kumbe ilionekana." Nikamwambia ndiyo, imeonekana nchi nzima, ila kwangu mimi niliyekuwa pale uwanjani ndiyo haikuonekana. Tukacheka. Kisha hatukucheka. Mke wake akaniwekea chai nikakaa hadi magharibi, na sikumbuki mara ya mwisho nilikaa nyumbani kwa mtu hadi magharibi.

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi likiniambia habari za hapa kwetu ambazo si za kweli. Hii ni mara ya kwanza limeniambia ya kweli nisiyoijua.

Ukurasa nimeubandika dukani, juu ya pampu. Watu wanakuja kujitafuta humo, hata wasio na baiskeli. Mama wa yule kijana wa bao la pili amejipata, ni nusu ya kofia, na amefurahi.

Msimu mpya ukianza, njoo. Usije kuandika, njoo utazame mpira kwenye sauti. Vaa kofia, jua la upande ule halina masihara. Ya kushoto ni yangu. Ya kulia siigawi. Inayofuata baada ya hiyo nimeshamwambia Kipaza akushikie.

Na salamu. Safari hii zimebaki nyingi.

Mama Fundi